Mtu, Kitu, Mahali na Namna: Padri Alexis Kagame na Swali la Ngeli

Tarehe 2 Desemba 1981, jijini Nairobi, alifariki dunia padri mmoja Mnyarwanda ambaye jina lake ni nadra kusikika katika madarasa ya isimu ya vyuo vikuu vya Kenya, ilhali kazi yake inayagusa madarasa hayo moja kwa moja. Huyo ni Alexis Kagame, mshairi, mwanahistoria, mkusanyaji wa fasihi simulizi na mwanafalsafa. (Asichanganywe na mwanasiasa mwenye jina hilo aliyekuja kuwa Rais wa Rwanda mwaka 2000.) Mwaka 1956 Kagame alichapisha mjini Brussels tasnifu ya uzamifu ambayo alikuwa ameiandika katika Chuo Kikuu cha Kigregori, Roma. Anwani yake, ikifasiriwa kutoka Kifaransa, yasema kwamba hiyo ni falsafa ya kuwako miongoni mwa Wabantu wa Rwanda. Dai lake kuu ni kwamba ngeli za nomino, zile ambazo mwanafunzi wa Kenya hukaririshwa tangu shule ya msingi kama jedwali la A-WA, KI-VI, LI-YA na wenzake, si jedwali la sarufi tu. Ni mgawanyo wa vyote vilivyopo, na lugha imeuhifadhi kimyakimya kwa karne nyingi kabla ya msomi yeyote kuuuliza unagawanya nini.

Dai hilo likiwa kweli, basi kila mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa falsafa bila kujijua. Likiwa si kweli, lingali lafaa kujibiwa, maana limetoka kwa mtu aliyeijua lugha yake kwa kina na kuipenda. Jambo lisilofaa ni kulipita kana kwamba halikusemwa. Tena haitoshi kulichukua kama dai la isimu peke yake. Kagame hakuyafikia mawazo yake kupitia kwa wanaisimu. Aliyafikia kupitia seminari, na bila kuielewa seminari ile haieleweki kwa nini padri wa Rwanda alikesha akihesabu viambishi.

Tarehe 4 Agosti 1879, Papa Leo wa Kumi na Tatu alitoa waraka uitwao Aeterni Patris, akaagiza kwamba falsafa katika shule za Kikatoliki ifuate nyayo za Thomas wa Aquino, mtawa Mdominiko wa karne ya 13. Agizo hilo lilikusudiwa Ulaya, ambako Kanisa lilikuwa likishindana na mikondo mipya ya fikra. Lakini lilisafiri na wamisionari. Kwa hiyo kijana wa Kabgayi au wa Baudouinville aliyeingia seminari kuu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 alikuta meza imeandaliwa: Kilatini, mantiki, elimu ya kuwako, na nyuma ya hayo yote Aristotle. Katika makoloni ya Ubelgiji mlango mwingine wa elimu ya juu kwa Mwafrika haukuwapo. Chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, Lovanium, kilianza mwaka 1954 tu, ilhali Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza kupewa upadri, alipadrishwa mwaka 1917, na hata kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuchapisha maandishi juu ya saikolojia ya Wabantu. Mtawala wa kikoloni alitaka makarani. Kanisa lilitaka mapadri, na kwa kuwa padri hawezi kufundishwa teolojia bila falsafa, likajikuta limewafundisha Waafrika kadhaa namna ya kubishana.

Kubishana ndilo neno lenyewe. Atakayefungua Summa ya Thomas kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kwamba kila suala huanza na hoja za upinzani. Mwandishi huyu, ambaye Kanisa lilimfanya mwalimu wake mkuu, kwanza humpa mpinzani nafasi aseme lake kwa nguvu zote, ndipo atoe msimamo wake, kisha arudi kujibu hoja mojamoja. Isitoshe, wengi wa waliomfikishia Aristotle huyo hawakuwa Wakatoliki hata kidogo. Thomas alibishana na kujifunza kutoka kwa Ibn Sina na Ibn Rushd, Waislamu, na Musa bin Maimun, Myahudi. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulitia maanani jambo hili. Maneno anayoyahitaji ili kuisema falsafa ya Thomas, yaani dhati, nafsi, akili, sababu, na falsafa yenyewe, yametoka katika Kiarabu. Katekisimu inapomfundisha mtoto wa Kikatoliki kwamba Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu, inatumia msamiati uliotayarishwa na karne nyingi za elimu ya Kiislamu katika Pwani. Padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo baina ya 1879 na 1898 na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa mwaka 1939, alilijua hilo vyema. Wanaodhani kwamba mapokeo ya kifikra ya Kikatoliki ni kisanduku kilichofungwa Roma na kufunguliwa Afrika hawajayatazama vizuri.

Kagame alizaliwa mwaka 1912 na akapadrishwa mwaka 1941. Alilihariri gazeti la Kinyamateka la Wakatoliki wa Rwanda, akakusanya ushairi wa ikulu ya mwami kutoka vinywani mwa waliouhifadhi kwa moyo, na yeye mwenyewe akatunga utenzi mrefu wa Kinyarwanda juu ya uumbaji. Maandishi yake ya kihistoria na kisiasa yaliwakera watawala wa Kibelgiji, na mwaka 1952 akajikuta Roma masomoni. Huko ndiko alikoamua kulijibu swali lililokuwa likiwakera Waafrika wasomi tangu mwisho wa vita.

Swali hilo lilikuwa limezushwa na padri mwingine, Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba wa Katanga tangu 1933. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1945 mjini Elisabethville, kilidai kwamba kwa Mbantu kuwako ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hizo zimepangwa kwa ngazi kuanzia kwa Mungu, zikashuka kwa mababu, kwa walio hai, hadi kwa wanyama, mimea na mawe. Kilikuwa kitabu cha ujasiri kwa wakati wake, maana kilikubali kwamba Mwafrika ana mfumo wa fikra. Askofu wa Katanga hakukifurahia. Hata hivyo kilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, kilisema juu ya Wabantu wote kwa ushahidi wa sehemu ndogo. Pili, kilidai kwamba Mbantu anayo falsafa lakini hawezi kuieleza mwenyewe, na kwamba Mzungu ndiye atakayemweleza. Aimé Césaire alikikejeli hadharani. Alisema, kwa maana, kwamba ni rahisi kumsifu Mwafrika kwa kuheshimu nguvu za kuwako huku ukiuepuka mjadala wa mshahara na ardhi yake.

Kagame hakukejeli. Alifanya jambo gumu zaidi, nalo ni kudai ushahidi. Aliichagua lugha moja, Kinyarwanda, akaupanga utafiti wake kama mazungumzo ya watu wawili wanaohojiana, na akaanza na mzizi mmoja: -ntu. Mzizi huo, alisema, ndio kiini cha "kilichopo", na haupatikani ukiwa peke yake. Sharti uvae kiambishi, na viambishi unavyovaa ni vinne: umuntu, yaani kilichopo chenye akili, ikintu, kilichopo kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwako. Aristotle alihesabu makundi kumi ya yanayoweza kusemwa juu ya vilivyopo. Kagame akayagawa kumi hayo katika manne yake. Dhati ya Aristotle ikawa umuntu na ikintu, mahali na wakati vikaungana katika ahantu, na saba yaliyobaki, kama vile idadi, sifa, uhusiano na kutenda, yakaingia katika ukuntu. Mungu hakumweka katika kundi lolote. Hapa aliachana na Tempels waziwazi. Kwa Kagame, Muumba hahesabiwi miongoni mwa -ntu, kwa kuwa yeye ndiye chanzo cha -ntu zote.

Mwanafunzi wa Kenya mwenye lugha ya mama ya Kibantu anaweza kulipima jambo hili kwa kinywa chake. Mgikuyu anayo mũndũ, kĩndũ, handũ na ũndũ. Mkamba anayo mũndũ, kĩndũ, vandũ na ũndũ. Mfanano huo si bahati. Katika Kiswahili mambo ni magumu zaidi, na ndiyo maana Kiswahili ndicho kipimo kizuri zaidi cha dai la Kagame. Mtu na kitu vipo. Utu upo. Lakini la tatu limetoweka. Nafasi yake imeshikwa na mahali, neno la Kiarabu. Na la nne halipo kabisa. Mswahili husema namna au jinsi, yote mawili maneno ya kukopa. (Kuna neno kuntu, kama katika "maneno kuntu", lakini mfanano wa sauti peke yake haujengi hoja.)

Mwenye haraka atasema: basi Kagame ameanguka Pwani. La. Neno limekopwa, lakini upatanisho haukukopwa. Mahali, japo limetoka ng'ambo, halikuruhusiwa kuishi kama mgeni; husemwa mahali hapa, mahali pazuri, mahali panapopendeza. Kundi lilikuwapo likimngoja. Na kuhusu muungano wa mahali na wakati, Kiswahili chamtetea Kagame kwa ushahidi ambao angeufurahia. Kirejeshi -po- hutumika kotekote: "mji alipozaliwa" na "siku alipozaliwa". Hadithi huanza "hapo zamani", na hapo hiyo haionyeshi mahali popote. Deni hulipwa "papo hapo", na msikilizaji haulizi kama ni pahali au ni dakika. Wanafunzi wengi wamesahihisha sentensi za aina hii kwa miaka mingi bila kuona kwamba zina jambo la kusema juu ya wakati.

Namna nayo imehamia nyumba nyingine. Mswahili husema anaimba vizuri, na alivyoimba jana. Namna ya kutenda imevaa vi-, vazi la vitu. Kwa kipimo cha Kagame hilo ni tatizo, maana ukuntu umemezwa na ikintu. Au pengine ni fununu tu kwamba mipaka ya makundi haya si kuta za mawe.

Tatizo kubwa zaidi ni lile ambalo kila mwanafunzi wa Kenya amekwisha kukutana nalo, japo chini ya jina jingine. Ngeli zitambuliwe kwa viambishi vya nomino, kama walivyofanya wanaisimu wa mwanzo waliozungumzia M-WA na KI-VI, au zitambuliwe kwa upatanisho, kama shule za Kenya zifanyavyo kwa kusema A-WA na U-I? Mjadala huu huonekana kuwa ugomvi wa walimu juu ya majina. Kumbe ndio unaoamua hatima ya hoja ya Kagame. Tuseme kijana. Kwa kiambishi chake ni ndugu wa kitabu na kiti. Kwa upatanisho, kijana mzuri amefika: ni mtu. Kipofu, kiongozi, kiziwi, kinyozi, wote ndivyo walivyo. Anayesoma falsafa katika kiambishi atasema Waswahili huwaona viongozi kuwa vitu (na wapo wananchi watakaokubali). Anayeisoma katika upatanisho atapata jibu jingine. Lakini hata huyo wa pili hayuko salama, kwani upatanisho wa A-WA huwachukua pia wanyama: mbwa amebweka, mende ametambaa, samaki yule mkubwa. Katika Kinyarwanda mnyama haingii katika kundi la umuntu kwa namna hiyo, na ndiyo maana Kagame aliweza kusema kwamba akili ndiyo mpaka. Katika Kiswahili mpaka ni uhai. Je, Mswahili anaamini kwamba mende ana akili? Hapana shaka haamini. Sarufi yake imegawanya mambo kwa njia moja na akili yake yaweza kuyagawanya kwa nyingine.

Wafu nao wanaleta ushahidi wao. Mnyarwanda husema umuzimu, wingi abazimu, na hivyo roho za waliokufa zabaki na jamaa zao katika kundi la watu. Mswahili husema mzimu, wingi mizimu, sawa na miti na mito. Mungu mwenyewe, ambaye huchukua upatanisho wa mtu (Mungu ni mwema), wingi wake ni miungu. Na maiti? Wapo wanaosema maiti amezikwa, na wapo wasemao maiti imezikwa. Mwalimu akiulizwa, aghalabu hutoa kanuni. Ingekuwa vyema akiuliza kwanza kila upande unaamini nini juu ya marehemu.

Mfano wenye nguvu kuliko yote umo ndani ya sala ya kila siku. Roho ni nomino ya I-ZI: roho safi, roho ngumu, roho inamuuma. Lakini Mkristo akilitaja Roho wa Utatu husema Roho Mtakatifu, naye akashuka, akawajaza mitume. Kitu gani kimebadili upatanisho? Si fonolojia, si mapokeo ya Pwani. Ni mafundisho ya Kanisa kwamba Roho huyo ni Nafsi. Kagame alitafuta fikra zilizojificha ndani ya sarufi. Hapa fikra zimeingia kutoka nje, zikaishika sarufi mkono na kuisogeza. Njia ni ya pande mbili, na hilo ndilo ambalo tasnifu ya 1956 haikulipa uzito wa kutosha.

Miaka miwili tu baada ya tasnifu hiyo, mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste alichapisha makala maarufu akionyesha kwamba makundi kumi ya Aristotle yenyewe yanafuata kwa karibu muundo wa Kigiriki. Pigo hilo lina makali mawili. Kwa upande mmoja lampa Kagame heshima: kama Mgiriki alitoa falsafa yake katika sarufi yake, Mnyarwanda naye ana haki ileile. Kwa upande wa pili lauliza kwa nini basi alihitaji kukipima Kinyarwanda kwa kanzu iliyoshonwa Athens. Paulin Hountondji wa Benin alikwenda mbali zaidi katika miaka ya 1970, akikataa kwamba lugha au mila yoyote ya kikundi yaweza kuitwa falsafa. Kwake falsafa ni maandishi ya watu mmojammoja wanaowajibika kwa hoja zao na kujibizana. Hapa Kenya, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliifuata njia yake mwenyewe, akawatafuta wazee wenye hekima vijijini na kuwahoji kwa majina yao, ili isidaiwe tena kwamba Mwafrika hufikiri kwa wingi tu. Yafaa kuongeza kwamba Odera Oruka alitoka Siaya, na Kijaluo hakina ngeli za aina hii. Neno lake la mtu, dhano, halivai kiambishi chochote cha kulitenga na mawe. Hakuna atakayethubutu kusema kwamba Wajaluo hawautambui mpaka baina ya mtu na jiwe. Hoja hiyo fupi ina uzito kuliko kurasa nyingi za wakosoaji.

Lakini tazama ni nani wengine waliokuwa mstari wa mbele katika ukosoaji huo. Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun, aliyemshambulia Tempels mwaka 1968 kwa makala ambayo bado yasomwa, alikuwa Mjesuiti wakati huo. Baadaye aliuacha upadri. V. Y. Mudimbe, mwana wa Katanga aliyefariki mwaka 2025, aliyeandika kitabu cha 1988 juu ya namna Afrika ilivyobuniwa na elimu ya wengine, alikuwa amepitia utawa wa Kibenedikto nchini Rwanda katika ujana wake. Silaha walizozitumia dhidi ya Tempels na, kwa upole zaidi, dhidi ya Kagame, walizipata katika shule zilezile. Mapokeo yanayoanza kila suala kwa hoja za mpinzani hayana budi kuzaa wapinzani. Kanisa lenyewe lilichukua zaidi ya karne moja kulikiri hilo. Katika waraka wa Fides et Ratio wa mwaka 1998, Papa Yohane Paulo wa Pili alisema kwamba Kanisa halina falsafa yake lenyewe na halifanyi falsafa yoyote moja kuwa rasmi kwa kuziacha nyingine. Seminari za mwaka 1930 hazikufundishwa hivyo.

Kuna jambo ambalo halifai kunyamaziwa kwa ajili ya heshima ya marehemu. Kagame kama mwanahistoria alielemea upande wa ikulu ya mwami, na picha ya Rwanda aliyoichora iliingia katika ubishi mkali kuhusu nani alikuwa nani nchini humo. Yeye hakuishi kuona mwaka 1994. Kati ya Aprili na Julai mwaka huo, katika nchi ambayo wakazi wake wengi walikuwa Wakatoliki, watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia: Nyamata, Ntarama, Nyarubuye. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake katika mauaji hayo. Mwanafunzi wa lugha hawezi kusoma historia hiyo bila kuona neno moja, inyenzi, yaani mende, lililotangazwa redioni juu ya Watutsi. Kwa sarufi ya Kinyarwanda, mtu aliyeitwa hivyo alikuwa ametolewa katika kundi la umuntu. Wahubiri wa chuki hawakuwa wamesoma tasnifu ya Roma, wala hawakuihitaji; walijua kwa silika ya wasemaji kile ambacho Kagame alikitolea ushahidi kwa miaka mingi, kwamba kuna mpaka na kwamba neno laweza kumvusha mtu. Elimu ya kuwako iliyofundishwa Nyakibanda ilisema waziwazi umuntu ni nani. Haikuwazuia waliobatizwa kusahau.

Wapo watakaosema kwamba basi elimu hiyo ni bure. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kushindwa kwa waliofundishwa hakuonyeshi kwamba swali lilikuwa baya. Huonyesha kwamba lilifundishwa kama jibu. Na hapa Kenya hatari hiyo haiko mbali. Mwaka 1984 ilianzishwa Nairobi taasisi ya Kikatoliki ya elimu ya juu kwa Afrika Mashariki, ikazinduliwa rasmi na Yohane Paulo wa Pili mwaka 1985, na leo ni chuo kikuu kamili huko Lang'ata. Vyuo vya watawa vinavyofundisha falsafa vipo jirani. Hata hivyo, mahali pengi falsafa hufundishwa kwa Kiingereza na ngeli hufundishwa kwa Kiswahili, kila moja katika jengo lake, na anayesoma Aristotle asubuhi na KI-VI alasiri haambiwi kwamba padri mmoja aliwahi kuviweka vitabu hivyo viwili juu ya meza moja. Mtahini huuliza ngeli ya "kijana". Ni nadra kuuliza kwa nini. Idara ya Kiswahili ndiyo mahali pekee katika vyuo vingi ambapo mwanafunzi huruhusiwa kufikiri na kuandika kwa lugha ya Kibantu kutoka mwaka wa kwanza hadi tasnifu. Kagame, ambaye ilimbidi aieleze lugha yake kwa Kifaransa ili wakubwa wa Roma wamwelewe, hakuipata nafasi hiyo.

Tempels, kwa upande wake, alijirekebisha kwa njia ambayo wakosoaji wake huisahau. Aliporudi Katanga baada ya kukaa Ubelgiji kwa miaka michache, aliacha kuandika juu ya Wabantu na akaanza kuzungumza nao. Katika miaka ya 1950, katika kambi za wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi, mazungumzo hayo ya padri na wafanyakazi na wake zao yalizaa kundi lililojiita Jamaa. Lugha yao ilikuwa Kiswahili cha Katanga, kile ambacho wengi wa Pwani na hata wa Nairobi hukicheka. Mafundisho yao yalijengwa juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Hawakuyachukua katika kitabu cha mtu. Waliyajadili mume kwa mke, jozi kwa jozi, nyumba kwa nyumba, mpaka yakawa na maana iliyopangika ambayo mgeni alipaswa kufundishwa hatua kwa hatua. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi. Maaskofu wakaitilia Jamaa shaka na baadaye wakaiwekea vikwazo. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alichapisha utafiti juu ya kundi hilo. Kitabu chake ni cha Kiingereza, lakini maneno matatu ya wachimba migodi aliyaacha katika Kiswahili.